Nyuso za Mistari ya Kijani

Ilianza Jumanne, mvua ikiponda bati la karakana
na mto Rioni umevimba, rangi ya chai iliyochacha.
Nilikuwa nampunguzia Otari kivuli chini ya kidevu,
Otari dereva wa trekta, aliyetutoka mwezi wa pili,
picha yake ni moja tu, ya harusi ya mpwa wake,
ameinua pembe ya mvinyo,
ndipo mstari wa kijani ukamshuka
kutoka kwenye paji hadi kwenye tai.

Nikaupangusa kwa mkono wa shati.
Haukuwa vumbi.

Kesho yake, mistari kumi na saba.

Laptopu hii niliinunua mwaka aliozaliwa Lekso,
na Lekso sasa ananyoa ndevu.
Bawaba nimeifunga waya. Herufi moja imefutika kabisa.
Feni inakohoa kama mtu anayekuja kukopa.
Humo nimezisafisha nyuso mia sita na ushei
za wafu wa Kutaisi na vijiji vyake,
kisha mashine ikazidonoa kwenye jiwe jeusi
kwa sindano ya almasi, nukta kwa nukta,
kama kuku na mtama.
Na mashine hiyo, kizee mwenzake,
haisikii lugha ya kompyuta nyingine.

Gurami fundi akaifungua, akapuliza, akanusa.
"Kadi ya michoro inakata roho. Na imegandishwa ubaoni,
haing'oki kama jino. Nunua nyingine."
Nikauliza bei.
Akaniandikia kiganjani,
asiitamke mbele za watu.

Usiku ule nikatoa skurubu ishirini na tisa,
nikazilaza kwenye trei ya mayai, kila moja na shimo lake.
Nikauvika ubao karatasi ya alumini,
nikaiacha kadi peke yake wazi,
nikausukuma ndani ya oveni ya Nana:
nyuzi mia mbili, dakika nane,
risasi ilegee, ishike upya palipoachia.
Nana akasimama mlangoni na gauni la kulalia.
"Miaka ishirini na mbili hujanipikia hata yai," alisema,
"leo ndio unapika hicho?"
Lakini saa aliishika yeye.

Ikawaka.
Otari akarudi na kidevu chake chote.
Nikakimbiza kazi kama mwizi anayejua zamu ya mlinzi,
nyuso tisa, siku kumi na tisa,
feni ikibadili sauti nami nabana pumzi.
Siku ya ishirini haikuwa mistari tena.
Vilikuwa viraka.

Na ndiyo siku aliyokuja Mzia, mjane,
kuukagua uso kabla ya jiwe.
Nilitaka kuziba skrini kwa kofia. Akanizuia mkono.
Otari alikuwa vipandevipande:
jicho shavuni, sikio limening'inia kwenye pembe ya mvinyo,
mdomo mara mbili.
Nikangoja kilio.
"Hivi hivi ndivyo alivyoamka kila Jumatatu,"
akasema Mzia, akacheka hadi akashika meza.
Kisha akanyamaza muda mrefu.
"Hilo jicho tu," akasema. "Lirudishe mahali pake."

Nimeizima kadi. Sasa naona kwa rangi chache,
herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza,
dirisha nikilivuta linakuja kwa kujikokota.
Vivuli navitia kwa tarakimu, kwa kubahatisha,
na uso nauona mara ya kwanza
jiwe likishadonolewa, nikilifagia unga
kwa brashi ya Nana ya kupaka mayai kwenye mikate.

Kivuli cha kidevu sikukiondoa. Sikukiona.
Mzia alikigusa kwa kidole gumba, mara mbili,
akalipa, akaondoka bila kuchukua chenji.

Lekso anasema zipo laptopu za mtumba, nzuri tu.
Namwitikia, ndiyo, ndiyo.

Jumapili Nana akatoa mkate wa jibini, umeumuka, umeiva.
Akauweka mezani.
Sote watatu tukaunusa kwanza.