Sumu Imeonjwa

Hapa Hexham Septemba huingia bila hodi:
asubuhi jua, saa nne mvua,
kondoo wamelowa nyuma ya kuta za mawe.
Daktari Isobel Dodd anafungua mzinga wa Bwana Ridley
kwa mikono mitupu. Glovu, anasema, hufanya vidole viziwi.
Mimi nashika bomba la moshi na daftari.

Nusu kikombe cha nyuki, yaani mia tatu hivi.
Anawatia kwenye chupa, anawamiminia spiriti.
Mvumo wao unafifia kama redio inayoishiwa betri.
Nilipoanza kazi niliuliza kama hakuna njia nyingine.
Ipo, alisema. Sukari ya unga: unawatikisa, unawarudisha
wazima, weupe kama watoto walioingia kwenye unga wa mandazi.
Lakini sukari huhesabu kwa huruma,
na mimi nataka hesabu.

Utitiri unatua chini ya chupa,
mwekundu wa kahawia, bapa kama dengu.
Mmoja wao, kwa kipimo cha mwili wangu,
angekuwa kisosi kilichong'ang'ania mbavuni.
Arobaini na mmoja.
Naandika; kalamu inakwaruza karatasi yenye unyevu.

Kisha anachoma njiti ya kiberiti kwenye kijumba kilichobonyea,
anaivuta polepole. Tunaacha kupumua.
Uzi wa kahawia ungefuata, leo usiku tungechimba shimo
na kuchoma kila kitu, hadi fremu.
Njiti inatoka kavu.
Basi si ule. Ni huu tu.

Bwana Ridley ameshika kofia
kama mtu aliyefika msibani kabla ya maiti.
"Dawa niliweka," anasema. "Kila mwaka. Vile vipande vya plastiki,
kama mlivyotuelekeza. Nikaviacha humo hadi machipuko,
kwa usalama."

Kwa usalama.
Daktari anafunika mzinga, anaweka jiwe juu.

Sumu ile, alinifundisha, haivunji kitu.
Inashika mlango.
Katika kila mshipa wa fahamu mna mlango wa chumvi,
hufunguka, hufungwa, ndivyo mguu unavyojua kupiga hatua.
Sumu huuegemea ukabaki wazi
mpaka mdudu atetemeke mwili mzima.
Sasa mmoja, mahali fulani, akazaliwa na bawaba iliyokaa upande.
Herufi moja tu katika maandishi yake marefu.
Sumu ikaegemea, ikateleza.
Tuliambiwa sumu haionjwi.
Hatukuambiwa habari za ukoo unaoionja baridi nzima,
wanyonge wakianguka, yule mmoja akibaki kutaga.

Usiku, maabara, namwuliza: fuata nyuki ule asali, si ndivyo?
Anacheka kidogo.
Miaka thelathini na miwili nimewafuata.
Asali nanunua dukani.
Kisha anafungua droo, ananipa kijikaratasi cha ushauri,
manjano pembeni, jina lake chini.
Ukurasa wa mbele: *Weka vipande viwili kila mzinga.*
Herufi nene, mchoro safi.
Ukurasa wa nyuma, chini kabisa, kwa herufi za mchanga:
*Viondoe baada ya wiki sita.*
"Nafasi ilikuwa imekwisha," anasema.
Sijui alikuwa anamwambia nani.

Alfajiri tunafungua sahani ya kioo.
Sitini tuliwalaza juu ya sumu.
Anawagusa mmoja mmoja kwa unywele wa brashi.
Amekufa. Amekufa. Anatembea.
Anatembea. Anatembea.
Arobaini na saba.
Mmoja anavuka kioo kizima bila haraka
kama mtoza ushuru siku ya soko.

Daktari anavua miwani, anachukua simu,
anabonyeza namba bila kuzitazama.
Inaita muda mrefu; huko mzee labda yuko nje,
anasikiliza mizinga kwa sikio.
"Ni Isobel," anasema. "Kile kijikaratasi, bado unacho?
Kilete dirishani.
Kigeuze nyuma."