Jina la Kifaa

Jumamosi, saa mbili na robo. Ukungu umelalia paa la maktaba
na mimi, mwalimu wa fizikia
niliyekabidhiwa mtandao kwa kosa la kujua kuwasha printa,
nimekaa mlangoni na daftari la mistari.
Foleni imetoka darasani, imepita bomba,
imekata kona kwenye migomba ya mpishi.

Kila mmoja ana barua yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa
na kifaa ndani ya soksi, ndani ya kitenge, ndani ya mfuko wa sukari.
Mipangilio, nasema. Kuhusu simu. Shuka chini. Shuka tena.
Tunatafuta namba ya kuzaliwa ya kifaa,
herufi na tarakimu kumi na mbili, zimepangwa mbilimbili.
Simu za siku hizi zina uongo: ugenini hutaja namba ya kubuni.
Zima hiyo, nasema. Hapa kila mtu aje na namba yake.
Naandika kwa kalamu. Umeme wa Moshi nimeishi nao.

Nywila naitamka sikioni, polepole,
na kabla ya saa sita
kijana wa bodaboda pale getini ameshaijua.

Kasi tuliyolipia ni ya nyumba moja yenye watoto wanne.
Sisi ni mia mbili na kumi na saba.
Kwetu Uru maji ya mfongo yalikuwa na zamu,
leo kwa akina Mlay, kesho kwa akina Temu,
na aliyefungua banio usiku
alilipa pombe hadharani, ukoo mzima ukimtazama anavyomimina.
Basi nimegawa: kidato cha nne kwanza, wana mtihani.
Filamu hazipiti. Mpira haupiti.
Na Godlisten wa tatu B, aliyejaribu mlango wa uani,
sasa anajua banio liko wapi
na nani amelikalia.

Kishikwambi cha Aikaruwa kinakataa.
Kinazunguka, kinazunguka, kinasema hapana.
Nywila sahihi. Namba sahihi.
Nimezima, nimewasha, nimekipuliza kama kaa (naona aibu kusema).
Kisha naona pale juu pembeni:
tarehe mosi Januari, mwaka 1970.
Betri ilikufa kabisa, saa ikarudi mwanzo wa hesabu yake,
na mtandao haumfungulii mgeni
anayebisha hodi kutoka mwaka ambao nyumba haikuwepo.

"Kilikaa kabatini tangu lini?"
"Tangu Agosti, mwalimu."

Tunasukuma miaka kwa kidole.
Inapita haraka, kama shanga zilizokatika uzi,
hadi leo, hadi dakika hii,
na vile vipinde vidogo vinajaa kimoja baada ya kingine.

Jioni nafungua orodha ya waliounganishwa.
Nilitegemea mahudhurio yangu. Wamejaa wazazi:
Mama Haika Ndizi.
Ngowi Saruji na Nondo.
Shangazi wa Dodoma.
Simu Mbovu Usiguse.
Ina maana leo Mama Haika ameuza Mbuyuni bila simu,
wateja wakipiga, mkoba wa mwanawe ukitetemeka
katikati ya mchoro wa moyo wa chura.

Kanuni inasema: jina la mwanafunzi, kidato, mkondo.
Nabadilisha moja baada ya jingine.
Nafika kwenye Elinami Seremala.
Aikaruwa amesimama nyuma yangu, sikumsikia akiingia.
"Alikuwa anawaonyeshea wateja picha za vitanda," anasema.
"Jina aliliandika mwenyewe."
Mbele ya jina kuna nukta ya kijani,
na neno moja: hewani.

Nimetoa kidole.

Jumatatu mkuu wa shule ameshika karatasi yangu,
miwani kwenye paji la uso.
Huyu Elinami ni nani? Wa pili A? Simwoni kwenye ada.

Nimesema ana ruhusa.