X

Ukuta wa ploti yetu pale Ziwani una X nyekundu,
rangi imechuruzika hadi mtaroni.
Watu wa barabara waliipaka Jumanne
wakaondoka bila kutaja siku ya tingatinga.
Jumatano nikapata X nyingine,
hii kwenye simu, saa nne usiku, stima imepotea,
mama amelala, goti lake limefungwa leso.

Sentimogani mia moja na mbili,
kipande kimoja, hakina mshono,
kati yangu na Syombua Nzeki wa Kariobangi Kusini
ambaye sijawahi kumwona hata matangani.

Nikasema: huyu ni wa baba.
Syombua, Nzeki, haya ni majina ya kwetu Mbooni;
baba alikuwa na binamu kila stesheni ya reli,
alipokufa tuliwalisha siku tisa.
Nikamwandikia: dada, nadhani sisi ni damu ya Mzee Kiilu.

Kumbe ni mkunga, na hana subira na wanaume wanaodhani.
Akanipigia, vyombo vya chuma vikigongana nyuma yake:
"Kaka, baba yako alikupa Y, akafumba mkono.
X yako yote, kila punje, imetoka kwa mama yako.
Mwanamume hampi mwanawe wa kiume X.
Ukipitia huko utagonga ukuta. Geuka."

Nikageuka.

Pale palikuwa na mama,
mtoto aliyeokotwa mwaka wa hamsini na nne
siku za msako, malori yakizoa watu,
ndani ya kikapu cha mboga nyuma ya soko la Burma.
Bi Rehema wa Majengo, muuza mahamri, alimchukua.
Ilikuwa Ijumaa, basi akaitwa Mwajuma.
Na kila fomu ya serikali, penye jina la mama mzazi,
alitia alama hiyohiyo, mistari miwili ikipitana,
akairudisha kwa karani bila kumtazama.

Mimi nina mlango mmoja. Syombua ana miwili:
X ya mama yake, iliyochanganywa kama karata,
na X ya baba yake, isiyochanganywa,
nzima kama ilivyotoka kwa mama wa huyo baba.
Kaka yake alipimwa, hana kipande kile.
Nilitaka kushangilia: basi ni upande wa baba!
"Polepole," akasema. "Huenda mama alimpa X nyingine.
Kukosa si ushahidi."
Tukangoja wiki saba mate ya Ndinda,
dada yake wa baba mmoja, mama mbali.
Ndinda anacho. Chote, mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo ni bibi yao, Kalekye,
aliyeuza mboga Burma, akapandishwa lori,
akarudi baada ya miaka mitatu na asieleze lolote.
Au ni dada yake Kalekye. Alikuwa naye mmoja, hakurudi.
X husafiri vizazi bila kukatwa; ukubwa wake hudanganya.
Kwenye kromosomu zile nyingine tuna mia tatu na kumi,
hesabu inayofaa huku, inayofaa na kule.
(Kulikuwa na vipande vya tatu, vya nne,
na Mnorwe mmoja mwenye masharubu.
"Vumbi," Syombua alisema, akapangusa kioo cha simu.)

Jumapili alikuja, akavua viatu mlangoni.
Mama alikuwa anachagua ndengu.
Tulimweleza tukipokezana, nikichora kwenye kalenda ya mwaka jana,
hapa unapita, hapa hupiti.
Alisikiliza hadi sinia ikaisha.
"Kwa hiyo ni mama, au ni mama mdogo."
"Ndiyo, mama."
"Na jina alilonipa yeye?"
Syombua akatazama mikono yake,
mikono iliyowapokea sijui watoto elfu ngapi.
"Hilo halimo kwenye damu, shangazi."

Mama akapepeta makapi mlangoni,
akanyanyua kidevu kuelekea nje, kwenye ukuta.
"Na ile mmeisomaje?"

Ile, nikasema, ina njia moja tu.

Akaniomba nimsogezee sufuria.