Shukeni Polepole

Shukeni polepole, ngazi ya basi inateleza.
Mimi ni Saveta. Dereva wetu ni Octav,
hasemi neno mpaka kahawa ya tatu.
Siku nne, makanisa tisa.
Msiponichoka, nitawachoka mimi.

Hapa ni Bukovina.
Ukuta umechorwa nje, watu wasiojua kusoma
wakasomewa na ukuta.
Tazameni Hukumu: mto mwekundu
unatoka miguuni pa Kristo
unashuka na wafalme na vilemba vyao.
Nendeni upande wa kaskazini muone mvua ilivyolamba:
watakatifu wamebaki vivuli, miguu tu, ukingo wa kanzu.
Na michoro hii ya kisu kwenye bawa la malaika ni majina,
askari, wanafunzi, wachumba,
kila mmoja akiogopa kusahauliwa.
Bwana mwenye kofia, rudisha ufunguo wako mfukoni.

Nyamazeni. Ko, ko-ko, ko-ko-ko.
Si seremala.
Ni mtawa Teofana, anazunguka na ubao begani,
anaugonga kwa nyundo ya mti, anaita sala ya jioni.
Chini ya vazi jeusi amevaa viatu vya mpira.

Leo Transilvania, kwa Wasaksoni, Walutheri.
Kanisa hili ni ngome, na ngome hii ilikuwa ghala.
Hamtaona dhahabu, hamtanusa ubani;
ni chokaa nyeupe na maneno ya Kijerumani.
Mnarani walitundika nyama ya nguruwe,
kila nyumba na muhuri wake,
ikakatwa kidogo kidogo mbele ya macho ya jirani.
Kisha mipaka ikafunguka, wakaondoka,
kijiji kizima kikaingia kwenye masanduku.
Amebaki Bi Roswitha na ufunguo mrefu kama mwiko.
Anafungua, anafagia, anafunga.
Jumapili huimba tenzi peke yake, sauti ya kwanza,
halafu hunyamaza kwa muda uleule wa zamani
kuwapisha wanaume waimbe besi.

Siku ya tatu mlikula keki kwa Waunitari,
Wahungari wasemao Mungu ni mmoja, basi, hesabu imekwisha.
Mchana mlinzi wa kanisa la Waarmenia
aliwahesabu waumini wake kwa vidole,
na vidole vikambakia.
Ndipo bibi mmoja kutoka kiti cha nyuma akauliza:
sasa, katika yote haya, kanisa lenyewe ni lipi?
Nikatafuta jibu la kitaalamu.
Octav akanitangulia:
"Lile lenye kivuli cha kuegesha basi."

Na hili ndilo la mwisho. Maramuresh.
Mbao tupu, paa la vigae vya mti, mnara kama sindano.
Hapa sihitaji karatasi zangu.
Wanawake walisali chumba cha nyuma,
wakaiona madhabahu kupitia tundu la kadiri ya mkate.
Bibi yangu Nastasia alikuwa mwanamke wa tundu hilo.
Mwaka arobaini na nane serikali ikafuta kanisa lake:
alilala Mkatoliki wa mapokeo ya Kigiriki,
akaamka ameandikwa Mwothodoksi.
Liturujia ileile, mishumaa ileile, padri mwingine.
Hakubishana na mtu. Hakuingia tena.
Kila Jumapili alikuja akasimama nje, hapa,
chini ya paa, bega kwenye gogo hili,
akasikiliza mpaka amina.
Miaka arobaini na moja.
Mimi, mtoto, nilishika sketi yake kwenye theluji
nikiutamani joto wa mishumaa,
nikimchukia kidogo.

Pitisheni mkono. Hapa, chini zaidi; alikuwa mfupi.
Mnasikia lilivyo laini?
Na hili nalo si la seremala.

Haya, ingieni. Swichi ya taa iko kushoto,
inamisheni vichwa mlangoni.
Basi linaondoka saa kumi kamili.
Mimi nitawangoja hapa nje.