Kamati ya Rafu

Alhamisi nilifunga duka saa mbili asubuhi,
nikabandika karatasi mlangoni: NARUDI SASA HIVI,
nikampeleka Marjan kwa chifu
na cheti chake, na changu, na cha marehemu baba,
wino wake umefifia kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya tatu.

Wazee saba, meza moja.
Wakampiga msasa mwanangu kama mlango mpya.
Babu wa babu yako alitoka wapi?
Akasema: Makina.
Kabla ya Makina?
Akanitazama.
Mimi nikatazama sahani iliyokuwa mezani,
sambusa sita, moja imeshaumwa,
zinavuja mafuta juu ya faili letu.

Sasa ni usiku, stima imepotea.
Nimesimamisha mshumaa juu ya mizani
na leo kikao ni changu.

Simama, mahindi.
Jina lako lasema Hindi. Uongo.
Mwalimu Odanga, anayenidai chenji ya shilingi saba,
ndiye aliyekuchongea:
ulizaliwa ng'ambo ya bahari nyingine kabisa,
ukaja na Wareno, ukajipa nchi usiyoijua,
kama yule niliyemwandika kwenye daftari la deni
"Baba Boi"
kumbe hana mtoto wala anwani.
Na leo wewe ndiwe mwenyeji wa wenyeji.
Bei ya pakiti yako ikipanda, serikali yatokwa jasho.
Nani aliwahi kukudai cheti cha babu?

Karanga, usijifiche nyuma ya chumvi.
Wewe na mahindi mmetoka upande mmoja, nawajua.

Majani ya chai, Mchina wewe,
ulipewa milima yote ile ya baridi,
Limuru mpaka Kericho,
hakuna aliyekuuliza ukoo.

Chapati, wanasema ulishuka na watu wa reli.
Ukashuka, hukupanda tena.
Siku hizi Krismasi haifiki Kakamega mpaka utangulie wewe.

Smoki, kaa chini.
Wewe hata nyama yako hujui ilitoka wapi.

Sambusa.
Wewe nilikuwa nakungoja.
Umetembea toka Uajemi, ukibadili jina kila mji,
ukibadili tumbo pia:
Eastleigh nyama, kwangu hapa ndengu,
kwingine viazi, na pilipili ya kuficha viazi.
Pembe tatu kama mtu mwenye nyumba tatu.
Sikulaumu kwa hayo.
Lakini asubuhi ulikuwa ndani ya kikao.
Ulisikia kila swali, umelalia jina la mwanangu,
mbona hukufungua mdomo?
Wao walikufungulia wa kwao.

Kimya. Mshumaa unalia nta kwenye sahani ya mizani,
gramu tatu, nne.

Bibi yangu Zenabu alikuwa na gurusa.
Aliacha unga uchachuke usiku kucha,
akaumimina kikaangoni mwembamba kama karatasi,
na ukitoboka alisema: hapo ndipo tulipopitia.
Hakutaja mahali.
Hiyo siiuzi. Haina pakiti, haina tarehe ya kuharibika,
wale wazee saba hawajui hata jina lake,
nayo ndiyo cheti pekee kilichobaki kamili nyumbani kwetu.

Mlango unabishwa. Mtoto wa Kemunto, peku,
anataka nusu mkate na sukari ya kumi.
Mama amesema uandike.

Nafungua daftari. Naandika: Kemunto, nusu mkate, sukari.
Kalamu haitaki kuondoka kwenye ukurasa.
Chini yake naandika, kwa herufi kubwa ili isipotee:

JAMHURI. Kitambulisho kimoja.

Mama nani huyo? auliza mtoto, anasoma kichwa chini miguu juu.
Mteja, namwambia. Mgumu kulipa.

Kisha napima sukari yake,
na ile nta sijaibandua,
kwa hiyo namwongezea kijiko.