Milimita Nne

Saa tatu asubuhi, si saa tatu kasoro,
nafungua kufuli la uzio nyuma ya shule ya Kigwe,
nachomoa chupa kwenye kipimamvua,
napiga goti, naileta usawa wa jicho,
maana ukiyatazama kutoka juu, maji huongopa.
Jumanne ilikuwa nne.
Nikaandika nne. Kwa wino, si kwa penseli:
ndivyo alivyonifundisha baba, Yona Mahinyila,
aliyeushika ufunguo huu miaka ishirini na sita
posho isiongezeke, mkono usitetemeke.

Usinione mkaidi. Kutii nimetii.
Waliposema chimbeni vyoo, nilichimba
mpaka mwamba ukanivunjia sululu.
Waliposema acheni mahindi, pandeni mtama, niliyaacha
(siku hiyo walisema kweli, siwanyimi haki yao).
Namba ya nyumba nimeigongomea kwenye tembe
isiyo na mtaa mbele wala nyuma.
Mchango wa mwenge nimetoa, wa madawati nimetoa,
na ule mwingine usio na risiti
nilinuna, nikatoa.

Alhamisi akaja bwana kutoka wilayani.
Daftari akalifunua kwa kidole kimoja
kama mtu anayefunua sufuria ya jirani.
"Tangu Desemba sitini na moja tu?
Mama Perisi, ripoti imekwishaandikwa:
wilaya imejitosheleza kwa chakula.
Weka mia mbili. Jumatatu tuna mgeni."
Nikamwuliza, mgeni anakuja na mvua?
Hakucheka.
"Mkataa kwao mtumwa," akasema.
"Uzalendo wako uko wapi?"

Nikautafuta. Kweli niliutafuta, sikuwa na jibu mfukoni.
Nikaona uwele wa Mbeleje uliokaukia magotini.
Nikamwona baba, mwaka ule wa njaa, akiandika sifuri,
siku arobaini na moja, sifuri,
kila moja duara lililofungwa vizuri
kama anaandika jina la mtoto wake.
Nikaona huko kwetu ninakoambiwa nisikukatae:
udongo mwekundu unaoganda visiginoni
hadi siku ya kuvishwa sanda,
mlenda, vumbi la Septemba,
treni ya usiku ipitayo bila kusimama.
Hivi vyote havijawahi kuniandikia barua.
Havina muhuri.
Vina kiu, na kiu ina kipimo.

Nikamwambia: Bwana, amri yako ni ya wiki hii.
Daftari hili lina mvua iliyonyesha kabla hujazaliwa,
na atakayekalia kiti chako naye atalitaka.
Nikiisingizia nchi yangu kwamba imeshiba,
nani atakuja kuipikia?

Akaondoka na daftari. Akasema nitaitwa.
Sitajifanya shujaa: usiku sikulala.
Nilihesabu watoto, nikahesabu debe za uwele zilizobaki,
nikahesabu maneno yangu, nikayaona mengi.

Lakini kuna hili. Dereva wake, Sogodi,
alichelewa nyuma akijifanya anakagua tairi.
"Mama," akanong'ona, "na kule Mundemu
mvua ndiyo hiihii? Mama yangu anataka kurudishia mbegu kesho.
Mbegu zenyewe za kukopa."
Nikamwambia: nne hazilowanishi hata ngozi ya mbegu.
Mwambie asubiri.
Akatoa simu, akampigia mamaye kwa Kigogo,
kwa sauti ya chini,
honi ikilia, bwana akiita,
naye kidole juu: kidogo tu, kidogo tu,
mpaka alipohakikisha amesikika.

Leo Ijumaa. Saa tatu. Daftari sina.
Nimepiga goti vilevile.
Nyuma ya bahasha ya ada ya mwanangu
nimeandika tarehe,
na mbele yake sifuri.
Kwa wino.