Sehemu ya Ishirini na Sita

Tulimpenda fundi wa saa tangu usiku wa kwanza.
Mtoto wake alikuwa na tundu moyoni,
daktari ametaja bei, na kibanda chake kizima
kisingetosha kununua hata uzi wa kushonea.
Akalifungua kasha la chuma la tajiri kwa sikio tu.
Sebuleni kwetu, Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
tulipiga makofi. Mama Semkiwa wa chumba cha pili
akasema, Mungu amwone. Nami nikaitikia amina
kwa mtu aliyetungwa.

Sehemu ya sita alimdanganya mkewe.
Uongo mdogo, saizi ya punje ya mtama:
eti alikuwa msibani.
Singano, mume wangu, akacheka.
"Angesema gari liliharibika. Msiba una mashahidi."
Nikacheka pia. Mhasibu ni mhasibu, nikawaza,
hata uongo anaukagua.

Sehemu ya kumi na moja mtoto alishapona.
Hospitali ilishalipwa, risiti tuliiona kwa macho.
Fundi akaendelea.
Nikauliza, sasa huyu anaibia nini?
Singano akajibu bila kunitazama:
"Maji ameshayavulia nguo."

Mwezi ule friji likaja, jeupe, na nailoni yake,
na sukari ikawa haiishi kwenye kopo letu
wakati mji mzima uko foleni.
Nilikoroga chai. Nataka na hili liandikwe:
nilikoroga, nikaonja, nikaongeza kijiko.
Kila mtu Tanga anajua sukari hupanda wapi usiku,
huko Kigombe, kwenye mikoko,
na kila mtu ana jirani asiyejua kitu.
Mimi nilikuwa jirani wa mume wangu.

Sehemu ya ishirini fundi alimwacha mwanafunzi wake
afungwe badala yake. Kijana mwenye kigugumizi,
aliyekuwa akimwita baba,
na neno hilo tu ndilo lililokuwa halimkwami.
Mvua ilinyesha humo ndani ya televisheni;
kwetu joto, kuta zinatoka jasho.
Mama Semkiwa akainuka, akajitanda kanga:
"Huyu mimi nimemalizana naye."
Tukabaki wawili. Tulitaka kuona.
Singano alikuwa anamenya chungwa la Muheza,
ganda moja, refu, halikatiki,
na kisu hakikutetemeka.

Jumapili wakamkuta Hoza, mlinzi wa ghala,
ndani ya mkonge, nyuma ya Pongwe.
Funguo hazipo. Viatu vipo, vimekaa sambamba
kama vya mtu aliyeingia msikitini.

Jumatatu akaja askari, kijana mpole, kofia mkononi.
Akauliza Ijumaa usiku mume wangu alikuwa wapi.

Friji likaanza kunguruma.
Ijumaa aliingia saa nane. Alioga gizani.
Akaikunja suruali yake mwenyewe,
mtu ambaye miaka kumi na tisa
hajapata kukunja hata leso.

"Alikuwa hapa," nikasema. "Tulitazama tamthilia."
Na kwa kuwa uongo ukiachwa uchi hushikwa na baridi,
nikauvika. Nikamhadithia sehemu ya ishirini na sita yote:
fundi anavyorudi kibandani, saa zote zimesimama
isipokuwa moja, anavyoitafuta kwa sikio
na kila akiifikia inalia kwingine.
Nikaigiza hadi sauti ya mkewe.
Nikamkalisha na Singano kwenye kiti chake,
nikampa chungwa.

Askari akaandika mstari mmoja, akafunga daftari.
Alipofika kizingitini akageuka, kwa haya kidogo.
"Mimi nilikuwa zamu usiku ule," akasema.
"Yule mke, mwishowe, alimtaja?"

"Hapana," nikamwambia. "Alimwandalia chai."